Duara la Wino wa Bluu

Chumba cha hadubini
Jumatatu, 3 Machi

Wifi,

Salamu naziruka, maana nikikuuliza hali nitakuwa nimeanza na uongo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu uliifunga namba yangu wiki ile tuliyomzika kaka, mwaka wa tatu huu, na masikio ya mama hayapatani tena na simu. Barua hii inakuja na gari la sampuli, lile linaloleta chupa za hospitali yenu hapa kwangu kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, na jioni kurudi huko. Dereva ataifikisha dukani kwako. Usimkunjie uso, hajui kilichomo.

Nesi wa kliniki ya ngozi ya huko kwenu, niliyesoma naye, alinipigia jana. Anasema mama ana mabaka mwili mzima, na kwamba kwenye mkono wa kushoto, upande wa ndani karibu na kiwiko, lipo baka moja la zambarau ambalo halijasogea tangu Jumamosi. Anasema Ijumaa ulimpa kidonge cha njano cha maumivu ya magoti. Ulikitoa dukani kwako, bila kumuuliza daktari yeyote.

Mama ana mabaka ya kuwasha mwaka wa kumi na moja sasa. Unayajua kuliko mtu yeyote, maana unaishi naye. Yanaibuka asubuhi, yanahama, na kesho yake ngozi iko safi utadhani alikuwa anasingizia. Mtu wa namna hiyo hapewi vidonge vya maumivu kama karanga, vinaweza kumgeuka. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanalijua hilo. Wewe umesimama nyuma ya kaunta miaka kumi na tano na koti jeupe, na utaalamu wako wote ni kuandika "moja mara tatu" kwenye kibahasha.

Sasa fanya hivi. Mpeleke kliniki. Nesi atalizungushia duara lile baka la zambarau kwa kalamu, na daktari atakata kipande cha ngozi katikati ya duara, kidogo kama punje ya dengu, akitie kwenye chupa ya fomalini kisioze. Chupa ije kwangu. Kusoma ngozi kwa hadubini ndiyo kazi yangu. Baka la kawaida lina sura yake na baka la dawa lina sura yake, na mimi sizichanganyi.

Nikiona ni dawa, nakuja na gari kumchukua mama. Atakaa kwangu moja kwa moja. Sitakuomba ruhusa.

Mimi,
binti wa huyo uliyempa kidonge

*

Dukani
Alhamisi, 6 Machi

Daktari,

Nimekuita kwa cheo kwa sababu ndicho unachokipenda. Wifi ni neno la watu wanaotembeleana.

Kidonge nilimpa mimi. Sikufichi na wala sitetemeki. Magoti ya mama yalikuwa yamekaza wiki nzima, hawezi kushuka kitandani bila kushika ukuta, na wewe uliyesoma ngozi hukuwepo kumshika. Nilimpa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Jumamosi mabaka yalipozidi niliacha. Lakini mabaka kuzidi kwa mama si habari mpya. Yanazidi akila kitu fulani, yanazidi akikasirika, yanazidi ukimtumia salamu zako za mwaka mpya.

Nimetii amri yako ili usipate la kusema. Jana jioni nesi rafiki yako alimchora duara kwa kalamu ya bluu, kwa kuwa daktari hukata ngozi Alhamisi asubuhi tu, na leo nesi mwenyewe hakuwa zamu. Mama akalala nalo. Asubuhi akaoga, akavaa gauni lake la mikono mirefu, tukaenda. Daktari ni kijana mgeni, hakuuliza neno. Alichoma ganzi, akakata katikati ya duara, akashona nyuzi mbili. Mama hakusema hata "uuh". Alikuwa anautazama mshono wake na kusema kijana huyo asingepata kazi kwake, alama ya sindano ya pili imekwenda upande. Unajua mama, fundi cherehani hastaafu.

Chupa ndiyo hiyo, na fomu ya nesi imefungwa kwa raba. Isome vizuri. Na ukimaliza kuisoma ngozi, kumbuka kwamba mwaka ule ulipomchukua "akapumzike" kwako, ulinirudishia baada ya miezi minne mtu aliyekonda, haongei. Sikukata kipande chake kumpelekea mtu achunguze ni nini kilichompata.

Mke wa kaka yako

*

Chumba cha hadubini
Jumanne, 11 Machi

Wifi,

Majibu ni haya, na nakala yenye mhuri imekwenda kliniki.

Tabaka la juu la ngozi ni zima. Hakuna seli zilizokufa. Chini yake nyuzi za ngozi zimeachana kwa sababu ya maji, na kuzunguka mishipa midogo kuna seli chache za ulinzi, pamoja na zile zenye punje nyekundu, kiasi cha kawaida tu. Hilo ni baka la mwasho kama yale aliyonayo siku zote. Alama za dawa sikuziona.

Nimeandika nilichokiona na nimesaini. Hiyo haikufanyi uwe mfamasia.

Sina zaidi.

*

Dukani
Jumatatu, 17 Machi

Daktari wangu mpendwa,

Leo naandika kwa furaha, na mwandiko wenyewe unaonyesha. Ile nakala yenye mhuri nimeiomba kliniki wakanitolea kopi. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa, mahali ninapofungua mara mia kwa siku. "Alama za dawa hazikuonekana", na chini yake saini yako, ile yenye mkia mrefu kama unapungia watu. Kila nikichukua chupa naisoma. Chakula kinashuka vizuri siku hizi.

Nangoja barua ya kuomba radhi. Iwe ndefu kama ile ya kunitukana. Uniombe radhi kwa ajili ya kidonge, na kwa ajili ya karanga, na kwa ajili ya koti langu. Nitakupa nafasi, gari la sampuli lipo.

Mama hajambo. Nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga vizuri, kovu lake ni jembamba kama mstari wa kalamu. Kimebaki tu kidoa kimoja cheusi pembeni, vidole vitatu kutoka kwenye kovu, anakisugua kwa mafuta kila asubuhi lakini hakitaki kwenda. Magoti ndiyo yanamtesa. Na kwa kuwa wewe mwenyewe, kwa mkono wako wa kitaalamu, umekisafisha kidonge changu, nimemrudishia.

Ajabu ni kwamba hataki. Mara kichungu, mara atameza baadaye. Juzi nimetandua kitanda nikakuta vitatu vimefungwa kwenye kipande cha kitambaa, vimeshonewa kabisa kwenye upindo wa godoro. Nimemuuliza, akaniambia magoti yamepona, huku ameshika ukuta. Najua ni sumu ya maneno yako, umemtisha kwa kupitia huyo nesi wako. Basi nimetafuta dawa ya hilo pia. Kuanzia kesho asubuhi nakisaga na kukichanganya kwenye uji wake. Atatembea apende asipende, na siku ukija utamkuta anacheza.

Mke wa kaka yako, aliyesafishwa kwa mhuri

*

Chumba cha hadubini
Jumanne, 18 Machi, saa saba mchana

Usimpe. Kama umeshaukoroga huo uji, umwage.

Dereva nimemzuia nje, ananipa dakika kumi. Nimepiga simu kwako mara tisa na bado umenifunga. Nesi yuko likizo na simu yake imezimwa. Kliniki wanapokea, wananiambia nisubiri, halafu inakatika. Imebaki barua hii.

Umeandika kovu liko vidole vitatu kutoka kwenye doa. Kovu lilitakiwa liwe katikati ya doa, maana duara lilichorwa juu ya lile baka la zambarau. Na baka la mwasho haliachi doa. Linaondoka kama lilivyokuja. Linalobaki jeusi wiki mbili ni la dawa, na la dawa likiguswa tena na kidonge kilekile huwaka palepale, na safari ya pili huwa kali kuliko ya kwanza. Nimeitoa slaidi, kile kioo chenye ngozi ya mama, kwenye boksi sasa hivi nikaitazama upya. Ile ni ngozi ya uvimbe wa asubuhi hiyohiyo. Fomu ya nesi inasema baka la siku ya sita. Vitu viwili tofauti, na nilikuwa navyo vyote mezani.

Kwa hiyo duara lilihamishwa. Ulikuwa naye usiku kucha, kalamu za bluu unazo mfukoni mwa koti, na ulijua kabisa slaidi ikisema dawa utampoteza mama. Umecheza na mwili wa mtu ili ubaki na haki. Sikuwahi kukupenda, lakini sikudhani ungefika hapo.

Na mimi nisikie pia, maana nina hasira za kututosha wote wawili. Nilitaka iwe dawa. Niliweka ile slaidi chini ya lenzi nikiomba iwe dawa, nikukamate. Nilipoona siyo, niliona haya kwa nilivyokuwa natamani, nikasaini haraka nisionekane nina chuki. Sikuisoma fomu. Kazi yangu yote ni kulinganisha fomu na slaidi, na siku hiyo sikuifanya.

Jumamosi nakuja na gari. Safari hii sihitaji slaidi.

*

Dukani
Alhamisi, 20 Machi

Wifi,

Barua yako ilifika Jumanne jioni. Uji aliunywa asubuhi.

Nilimkorogea mwenyewe, nikamshikia kijiko. Hilo sitamsingizia mtu. Saa nne alianza kujikuna. Saa sita lile doa likawa limewaka zambarau palepale, limetoa lengelenge, midomo imevimba, anataka kuniambia kitu na sauti haitoki. Nilifunga duka wateja wakiwa ndani, nikamkimbiza hospitali. Wakamchoma sindano, wakamwekea hewa. Alilazwa usiku huo, nami nilikaa kwenye kiti pembeni yake, na barua yako alinikabidhi dereva pale pale wodini, maana dukani alikuta pamefungwa. Niliisoma chini ya taa yao mbaya ile. Amepona, yuko nyumbani, anakula.

Sasa tuje kwenye neno lako. Umeniita mhamisha duara. Niliisoma sehemu hiyo mara tatu, halafu nikafanya jambo ambalo halikuwa na adabu. Nilimwamsha mgonjwa. Nilimuuliza mama, mbele ya nesi wa zamu, kama aliwahi kuniona nikiushika mkono wake usiku ule. Aliutazama mkono wake. Halafu akaomba karatasi.

Barua yake hii hapa ndani. Sijaifungua. Amenisomea mwenyewe kwa sauti, kwa hiyo sikuhitaji.

Kuna chupa nyingine. Leo asubuhi daktari yuleyule amekata upya, katikati ya doa lenyewe. Safari hii sikutoka chumbani, na niliushika mkono wa mama kuanzia duara linachorwa hadi chupa inafungwa. Isome. Na kile kidonge nimekitoa dukani kwangu, kopo zima. Ile kopi ya mhuri wako nimeibandua, gundi imebaki mlangoni.

Kuhusu Jumamosi, gari lako lina njia yake. Sitafunga mlango. Lakini sitamfungia mama mizigo.

Mke wa kaka yako

*

Kitandani kwangu
Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu,

Herufi zangu kubwa kwa sababu ya macho, usidhani nakupigia kelele.

Duara nililihamisha mimi. Alfajiri ya kwenda kukatwa, nilipotoka kuoga, nililifuta lile la nesi kwa mate na pembe ya kanga. Halafu nikatafuta baka jipya, mabaka kwangu hayakosekani, nikapata moja limetoka karibu, bichi kabisa. Nikaliwekea kizibo cha chupa ya mafuta nikazungusha kalamu. Kalamu niliitoa kwenye koti la mwenzio lililokuwa limetundikwa mlangoni. Nimekata nguo za watu miaka arobaini. Kuhamisha alama ya chaki bila mteja kujua ni kazi ninayoiweza hata nikiwa nasinzia. Sikujua kwamba alama ya daktari haiko kama ya fundi. Ya fundi ukikosea unapoteza kitambaa.

Nilijua ni kidonge. Mimi ndiye ninayewashwa, nani angenidanganya? Mabaka yangu ya siku zote nayajua yanavyotembea, na lile lilikuwa limekaa kama mgeni asiyeaga. Lakini mkwe wangu alinisomea barua yako ya kwanza. Alinisomea yote, hata ulipomtukana, sauti yake ikitetemeka. Nikasikia gari. Ukiona ni dawa unakuja na gari.

Kwako pazuri, mwanangu. Kitanda kizuri, maji moto, choo ndani. Lakini unafunga mlango saa moja asubuhi na unaufungua saa moja jioni, na katikati yake nilikuwa naongea na jokofu. Huku nakaa nyuma ya kaunta na cherehani yangu. Watu wakija kununua dawa wananiuliza habari za magoti. Mkwe wangu ananifokea toka asubuhi, nami namfokea, siku inakwisha. Na yeye hana mwingine. Kaka yako alipoondoka tulibaki wawili tunaomkumbuka anavyokohoa akiingia ndani. Ukinichukua, atakuwa anamkumbuka peke yake.

Nikashindwa kumwambia kwamba kidonge ndicho kibaya, maana ningesema hivyo ningekuwa nimekuitia gari. Nikavishonea kwenye godoro. Sikujua kuna cha kwenye uji. Nilipokionja nilijua, na nilimeza. Nilimtazama alivyonishikia kijiko nikaona nikikataa lazima niseme. Ni ujinga. Nimeambiwa na daktari, na nesi, na mkwe, umebaki wewe.

Nisikilize sasa. Chupa hii ndiyo ya kweli. Soma na uandike unachokiona, usiniangalie mimi wala usimwangalie yeye. Lakini ukija na gari, sipandi. Ukija kwa basi kama wanavyokuja watu kwao, nitakushonea gauni, maana hilo unalovaa kwenye picha ya kazini limekubana kwapani.

Mama yenu

*

Chumba cha hadubini
Jumanne, 25 Machi

Wifi,

Ni dawa.

Seli za tabaka la juu zimekufa moja moja, zimetawanyika. Safu ya chini ya tabaka hilo imetobokatoboka. Seli zenye punje nyekundu zimejaa mpaka chini kabisa. Na rangi ya ngozi imemwagika kutoka mahali pake ikashuka tabaka la chini, imekaa huko kwa mafungumafungu. Ndiyo maana mafuta hayaliondoi lile doa. Halitaondoka kwa miezi mingi, labda kamwe. Safari hii niliisoma fomu kwanza, nikaiweka slaidi, nikaisoma fomu tena. Ile ripoti ya kwanza nimeifuta kwa maandishi na nimemweleza mkuu wangu kwa nini. Naitwa kwenye kikao keshokutwa.

Nilisema tangu barua ya kwanza kwamba ni dawa. Nimekuwa sahihi, na sijawahi kuwa sahihi nikapata hasara kiasi hiki.

Jumamosi gari nililokodi lilikuja mlangoni kwangu saa kumi na mbili asubuhi. Dereva akapiga honi mara mbili. Nilikuwa nimekaa kitandani nimevaa viatu, barua ya mama iko mapajani, na ndani kulikuwa kimya kiasi cha kulisikia jokofu. Nilitoka nikamwambia aende.

Usije ukanishukuru. Uji sijausahau, na wewe najua hujazisahau zile karanga. Neno la mhamisha duara nalirudisha, kwa kuwa halikuwa lako. Mengine yote niliyokuandikia yabaki kwanza, tutayaongea uso kwa uso, na tutapandishiana sauti mama akituangalia. Nafika Jumapili kwa basi la mchana.

Jina la kidonge liandike kwenye kadi, chenyewe na ndugu zake wote wa jamii hiyo, orodha nimeambatisha. Mama aishonee ndani ya mkoba wake, hapo hataipoteza. Na kila baka jipya likitoka, lizungushie duara, andika na saa pembeni yake, kesho yake uangalie kama limehama. Lisipohama, nipigie. Ifungue hiyo namba.

Duara chora wewe, kwa kalamu yako. Mama usimwachie kalamu.

Wifi yako